Kaka Aliyetaka Picha Kabla Sijabonyeza

Kaka yangu alinunua gari kwa makosa yangu.

Umesoma sawasawa. Si makosa yake, ni yangu mimi, niliyoyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari, nikayapiga picha na kumtumia kila asubuhi kwa miezi minane. Na kila jioni nilimshukuru.

Hebu nilitoe jambo hili, maana limenikaa kooni.

Mimi ni msusi. Miaka kumi na minne nimesimama nyuma ya kiti kimoja kwenye kisaluni cha kona, nasuka vichwa vya watu tangu asubuhi mpaka taa za barabarani ziwake. Kazi naipenda. Miguu ndiyo iliyonigomea. Ilianza kuvimba, mishipa ikatutumka nyuma ya magoti, na daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba nitafute kazi ya kukaa, la sivyo miaka michache ijayo sitasimama kabisa.

Kazi ya kukaa. Mimi, kwa vyeti gani?

Nikamwendea kaka. Mtaani wanamwita Profesa, kwa ile miwani yake na kwa sababu anafundisha watu kutredi. Ana chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, viti vya plastiki ishirini, ubao mweupe na skrini ukutani. Watu wanalipa, wanafundishwa kununua na kuuza sarafu za kigeni mtandaoni. Unaingia sokoni asubuhi, unatoka siku hiyohiyo; ukinunua unafaidika bei ikipanda, ukiuza unafaidika ikishuka.

Baba alipofariki, kaka ndiye aliyenilea. Sare zangu za shule alikuwa anazipiga pasi yeye, kila Jumapili, mpaka nilipomaliza. Kwa hiyo aliponiambia hatanitoza kitu, nililia palepale.

Akasema nisikae darasani na wengine, eti wataniharakisha. Atanifundisha mwenyewe, pembeni, polepole.

Akanifungulia akaunti ya mazoezi, ile ambayo pesa zake si za kweli, ukipoteza huumii. Akanionyesha mishumaa, ndiyo vile vijiti vya kijani na vyekundu kwenye chati. Kijani bei imepanda, chekundu imeshuka, na kijiti kikiwa kirefu maana yake bei imekimbia sana. Halafu akaniletea daftari lenye jalada gumu. Kila siku saa tatu asubuhi nitazame chati, niandike naona nini, nanunua au nauza, na kwa nini.

"Na kabla hujabonyeza," akasema, "piga picha huo ukurasa unitumie. Andika moyo wako unavyokuambia. Usiandike cha kunifurahisha."

Kabla. Neno lenyewe lilipita masikioni mwangu wala halikugonga kitu.

Nilijituma, jamani. Wateja wa asubuhi niliwahamishia mchana, nusu yao wakahamia kwa msusi wa jirani. Nikawa nakaa na simu kwa saa mbili au tatu, halafu nasimama mpaka usiku kufidia. Miguu ikazidi kuvimba, lakini nikawa najiambia ni kwa muda tu, nikishaiva nitakaa maisha yangu yote.

Kuiva kwenyewe kukagoma. Nikinunua, bei inashuka. Nikiuza, inapanda. Katika wiki nzima nilikuwa napatia siku moja, na hiyo nayo kwa bahati.

Jioni kaka ananipigia. "Umekosa tena, mdogo wangu, lakini unakaribia. Usibadilishe njia yako."

Siku moja nilimwomba aniambie ukweli. Kama kichwa changu ni kigumu aseme, nirudi kwenye vitana vyangu nikazeekee huko. Akanijibu kwa ile sauti yake ya upole kwamba kila aliyefika mbali alikosea mwaka mzima kwanza. Nikaamini. Ningemwamini nani tena?

Mwezi wa saba wa mafunzo yangu gari likaja. Jeupe, viti bado vina nailoni. Safari yake ya kwanza alinipeleka hospitali kuangaliwa miguu, akanifungulia mlango mwenyewe. Nilivyolisimulia gari hilo saluni, ungedhani ni langu.

Sasa sikilizeni.

Jumatano moja wifi yangu, mke wa kaka, akaniita nyumbani kwao nikamsuke. Kaka alikuwa darasani kwake. Wifi ni mtu wa maneno mengi na roho safi, mdomo wake haujui kufunga mlango. Niko katikati ya kichwa, akaanza kunilaumu kwa utani.

"Wifi, ile siku ulipoumwa hukutuma picha, kaka yako alishinda hapa kanuna. Hakutredi kabisa. Anasema bila picha yako haingii sokoni."

Vidole vyangu vikasimama kwenye nywele. Nikamuuliza picha yangu ni ya nini kwake.

"Mimi najua? Anaandika kwenye daftari lake, lile pale juu ya friji. Tena Ijumaa anataka kuweka pesa zote, kuna tangazo kubwa la uchumi litatoka, anasema soko litaruka."

Kisha akanusa kitu kinaungua, akakimbilia jikoni na nusu kichwa hakijasukwa. Nikalishusha lile daftari.

Kila ukurasa ulikuwa na tarehe na mistari miwili. Yeye ananunua, mimi nauza. Yeye anauza, mimi nanunua. Na pembeni, faida aliyopata. Huyo "yeye" ndiye mimi, na "mimi" ni kaka. Ukurasa kwa ukurasa, miezi minane, kaka yangu alikuwa anangoja niseme kinachotoka moyoni, halafu anakwenda kufanya kinyume chake kwa pesa za kweli.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Ulikuwa wa wiki yangu ya pili ya mafunzo, kwa ule mwandiko wake mzuri. Umeandikwa hivi: "Kosa lake ni moja. Anasubiri mshumaa uwe mrefu ndipo anaingia, wakati bei imeshachoka kukimbia. Asiambiwe."

Asiambiwe.

Nililisoma neno hilo mara tatu. Dawa yangu ilikuwa sentensi moja. Bila shaka pale juu ya duka la vifaa alikuwa anawaambia watu ishirini kila siku. Mimi ndiye niliyetengwa pembeni ili nisiisikie.

Wifi akarudi akicheka kuhusu mchuzi wake. Nikamaliza kumsuka, mistari kumi na minane iliyobaki, na hakuna hata mmoja uliopinda. Nikaenda kwangu kwa miguu, yenye uvimbe hivyohivyo, kwa sababu sikutaka mtu yeyote anione uso.

Alhamisi nikatuma picha ya kweli kama kawaida. Nilitaka kwenda kumpigia kelele, lakini namjua kaka. Angesema ni mazoezi tu, hakuna aliyeumia, na mimi ningebaki natafuta maneno. Nikanyamaza.

Ijumaa saa tatu nikakaa. Mshumaa wa kijani ulikuwa mrefu hasa, na moyo wangu, kama kawaida yake, ukaniambia nunua.

Nikaandika nauza. Nikatunga na sababu, nusu ukurasa, nikapiga picha, nikatuma. Akaifungua hapohapo.

Kwa hiyo Profesa, akidhani anafanya kinyume changu, akanunua. Kwa mara ya kwanza alifuata moyo wangu, naye hakujua.

Mimi nikabonyeza nilichoandika, kwenye akaunti yangu ya mazoezi. Bei ilipanda kidogo, ikasita, tangazo likatoka, ikaporomoka mpaka nikasogeza chati kuitafuta. Nilipata faida ambayo sijawahi kuiona tangu nianze. Sikuwa na mtu wa kumpigia simu.

Kabla ya saa sita kaka alikuwa mlangoni pa saluni. Shati limechomoka, miwani kaishika mkononi. Hakusalimia, wala hakuuliza habari ya miguu.

"Mdogo wangu, leo ulibadilisha njia?"

Kumbe nilikuwa na tumaini. Nilikuwa nimebakiza kipande kidogo ndani kinachosema labda nimesoma vibaya, labda kuna maelezo. Swali lake likakimaliza.

"Inakuhusu nini, kaka? Si mazoezi tu?"

Akanitazama, akaelewa. Akakaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyekatwa miguu. Akaanza kusema hakuniibia, kwamba mimi sikupoteza hata senti moja. Nikapandisha gauni mpaka magotini nikamwonyesha miguu. Nikamwambia hii ndiyo niliyopoteza, na ulikuwa unaipeleka hospitali kwa gari ulilonunua nayo.

Alikaa pale mpaka mteja akaja kuhitaji kiti.

Gari liliuzwa wiki iliyofuata. Wifi anadhani ni soko tu, bado ananipigia kunihadithia, na hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu hasara ile imemgusa na yeye hakunikosea kitu. Msidhani nilishangilia. Nililia siku mbili, na gari wala sikulifikiria. Nilililia zile sare.

Siku hizi nimenunua kiti kirefu, nasuka nikiwa nimekaa, vichwa vichache kwa siku. Daftari bado naandika. Nikiona mshumaa mrefu nakunja mikono, nauacha utulie kwanza, na akaunti ya mazoezi imeanza kunikubali. Picha simtumii mtu.

Ninyi mnaoanza, mnaouliza kila siku mwalimu gani ni mzuri, nisikilizeni. Kabla hujauliza anajua kiasi gani, uliza anafaidika lini, wewe ukipatia au ukikosea.

Mimi sikuuliza. Alikuwa kaka yangu.