Nilivyomwachisha Wawira Kazi

Nina diploma, na Kiingereza changu nilikinoa Qatar kwa jasho langu. Ndiyo maana Mama Wawira, jirani yetu hapa Runyenjes, alinikabidhi simu. Binti yake alikuwa ameomba kazi ya kupakia majani ya chai kiwandani, lakini aliogopa Kiingereza cha meneja.

Meneja akaniambia, "We will consider her." Huku kwetu mtu akikuomba kitu husema, "Nikonsida," na ukimkonsida umempa. Nikakata simu na kupiga makofi.

"Kazi mmepata!"

"Nianze lini, Baba Njeru?" Wawira akauliza.

"Jumatatu," nikajibu, na hakuna aliyeniambia Jumatatu.

Akaacha kazi yake ya hoteli. Jumapili mama yake akapeleka jogoo wa shukrani kanisani, nami nikasimama mbele kusimulia nilivyozungumza na meneja.

Jumatatu nilimsindikiza hadi kwa meneja nikiwa nimevaa tai. Alitushangaa.

"Mzee, nilisema tutamfikiria. Tulimfikiria, tukamchukua mwingine."

Wawira akanigeukia, macho yamejaa machozi. "Baba Njeru, si ulisema unajua Kiingereza? Kule hotelini wameshaweka mtu."