Bwawa la Chumba cha Nyuma

Jirani yangu hapa mjini Baraka alibatizwa Constance, lakini sote tunamwita mama Eddy, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ni mwanamke wa Mboko, mrefu, anayecheka bila kutoa sauti. Mume wake, Roger, alikuwa mvuvi. Ndiye aliyejenga ile nyumba ya matofali mabichi karibu na ziwa. Samaki walipopungua, akaenda kuchimba dhahabu upande wa Misisi. Mwanzoni alituma salamu. Baadaye kimya.

Milango yetu inatazamana. Mimi ni mtu wa wasiwasi, nimelea wasichana tu, na macho yangu hayalali hata mchana. Kwa hiyo niliona mambo haya tangu yalipoanza.

Msimu ule wa mvua ziwa lilipanda mpaka likaingia ndani ya nyumba za mstari wa mama Eddy, upande wa chini wa barabara. Wengi walihamia juu, kwenye kilima. Mama Eddy alibaki. Huku kwetu, mwanamke akivuka kizingiti na kinu chake, bwana akiwa safarini, watu wanasema ameacha ndoa. Na mdogo wake Roger, Jacques, alikuwa akingoja aone kinu kile kinatoka. Alitaka kiwanja.

Maji yalipopungua, yalibaki katika chumba cha nyuma, ambacho sakafu yake iko chini. Ndani yake vilizunguka visamaki vidogo kama kidole. Watoto walitaka kuvikaanga. Asubuhi hiyo hiyo Jacques akaja, akasimama mlangoni mwa chumba.

"Mama Eddy, hapa pakikauka nitaweka nyavu na mota yangu ya mtumbwi. Shambre hii ya nyuma iko bure."

Alipoondoka, mama Eddy alikuja kwangu, akakaa bila hata kusalimu.

"Leo nyavu, kesho kitanda," akasema. "Hapapaswi kukauka."

Akahamishia visamaki kwenye beseni, akachota maji yote, akajenga ukuta mfupi wa matofali mlangoni, unaofika magotini, akaupaka sementi pamoja na sakafu. Akatandaza mchanga na mawe. Eddy na wadogo zake walimletea maganda ya konokono kutoka ufukweni, maana visamaki vile hupenda kuishi ndani ya maganda. Kosa la kwanza alilifanya kwa heshima: badala ya maji machafu ya mafuriko, alivijazia maji safi ya bomba yaliyotiwa dawa, kama mtu anavyompa mgeni maji ya kunywa. Kabla ya jioni samaki wengi walikuwa wameelea tumbo juu. Tangu siku hiyo watoto walichota maji ya ziwa tu, kwa bidoni za plastiki.

Jacques alirudi na nyavu begani. Nilivuka barabara haraka, na masufuria yangu yakabaki motoni.

"Ni nini hii?" Jacques akauliza.

"Ni samaki, shemeki."

"Naona ni samaki. Bantu banatoa samaki mu maji, we unabaingiza mu nyumba?"

"Ni mifugo ya Roger."

"Roger alianza kufuga lini?"

"Tangu ziwa lilimuletea."

Watoto walicheka. Hata mmoja wa vijana waliobeba mota alicheka. Jacques hakucheka, kwa sababu alielewa. Ukitoa mifugo ya mtu nyumbani mwake kabla ya matanga, umetangaza kwamba amekufa. Na mama yao mzazi bado anamwombea Roger kila Jumapili, kwa jina, kanisa zima likisikia. Jacques akabeba nyavu zake akaenda.

Basi bwawa likakaa. Nikimtembelea, tuliketi kwenye ule ukuta mfupi tukitazama. Kila kisamaki kilikuwa na ganda lake. Ukisogeza mkono, vyote vinaingia ndani. Ukitulia, kichwa kimoja kinachungulia, kisha kingine, na vinatupa mchanga nje kama mtu anayefagia. Mama Eddy alianza kwenda sokoni kwa nadra. Akienda, alirudi mbio.

Mimi ndiye niliyeuona ufa ukutani. Sakafu ilikuwa na sementi, lakini kuta ni udongo, na udongo ulikuwa unakunywa. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelowa hadi juu ya bega langu.

"Mama Eddy, nyumba inakunywa."

"Najua."

"Kausha basi."

"Nikikausha, Jacques anaingia. Nikiacha, ukuta unaanguka. We ungefanya nini, mama Clarisse? Uniambie."

Nilimwomba tu watoto walale kwangu. Aliwaleta, na mikeka yao. Nilipomwambia naye aje, alitikisa kichwa. "Batasema nimetoka."

Ukuta ulianguka mchana, yeye akiwa uani anaosha sahani. Ulianguka kwa nje, taratibu, kama mtu anayeketi, na maji yakaufuata. Watu walikusanyika. Jacques alifika na mama yake amemshika mkono.

"Nyumba imekufa," Jacques akasema. "Kusanya vitu, mama Eddy. Hakuna atakayekulaumu."

Mama Eddy alikuwa amepiga magoti kwenye tope, akiokota maganda yenye visamaki ndani na kuyaweka katika beseni la maji. Hakuinua kichwa.

"Bengine bangali bazima, shemeki. Nisaidie kushika beseni."

Jacques alisita. Mama mkwe alimsukuma kwa kiwiko.

"Shika. Ni vitu vya mukubwa wako."

Akashika. Alisimama pale na viatu vyake vizuri ndani ya tope, mikono yote miwili imekamatwa na beseni, mpaka ganda la mwisho lilipopatikana.

Sasa chumba cha nyuma kimefungwa kwa turubai, na hakuna anayeweza kuweka mota mahali pasipo na ukuta. Beseni la visamaki liko chini ya kitanda chake. Amebaki na chumba kimoja na sebule. Watoto wanalala kwangu, yeye kule.

Jana nilipita kumsalimu. Nilipokuwa nikitoka, niliweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha kulala, ule uliopakana na bwawa.

"Usiguse-guse, mama Clarisse," akasema. "Acha kabisa."

Nikatoa mkono, kiganja kimelowa. Nikaufuta kwenye kitenge, nikijificha asione.