Mwanamume wa Kumshika Njoroge

Harufu ya magome ya miwati yaliyoanikwa juani bado hunirudisha Waithaka, kwenye miaka ya Hali ya Hatari ya mkoloni, mlango wetu ukitazama njia ya mtoni. Baba alikuwa amekufa, mama akamfuata, nami kifungua mimba nikaacha shule nikawa nafua nguo Parklands ili wadogo zangu, Njoroge na Wambui, wale. Njoroge alikuwa na miaka kumi na mitano, na msimu ule aligeuka moto. Alimpiga mbuzi mateke, akavunja mtungi, akamzaba Wambui kofi kwa sababu ya kiazi. Majirani walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, macho yao kwangu. Mimi niliona jambo moja: hasira ile alirudi nayo kila mara kutoka mtoni.

Jumapili moja nikamfuata na debe langu. Wenzake waliotoka jandoni msimu uliopita walikuwa wameketi juu ya mawe.

"Kihii, pisha wanaume!" alisema mmoja. Kwetu hilo ni jina la asiyetahiriwa, na kwa mvulana mkubwa hakuna tusi linalolizidi.

"Mwacheni," mwingine akadakia, "anangoja dada yake amshike."

Wakacheka hadi wakaegemeana. Kwa desturi yetu, kijana anapokatwa, mwanamume humshika mabega kutoka nyuma, na tangu siku hiyo humwongoza kama mwanawe. Njoroge hakuwa na mtu huyo.

Alinipita mbio. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshatoa panga chini ya kitanda. Nikasimama mlangoni. Siku zile mvulana akionekana njiani na panga, askari hawakumuuliza anakwenda wapi.

"Toka, dada."

"Sitoki."

"Unataka niwe kihii mpaka nizeeke?"

"Nataka uwe hai mpaka kesho jioni."

Wambui alikuwa akilia kimya kimya kando ya mafiga. Njoroge akamtazama, kisha akaliachia panga likaanguka.

Kesho yake kibali changu cha kazi kilinivusha kizuizi cha askari barabarani, lakini sikwenda Parklands. Nilikwenda River Road, mjini, kwa mjomba, seremala. Mwanamke hasemi mambo ya jando mbele ya mwanamume. Lakini mficha uchi hazai. Nikasema. Randa yake ikasimama.

"Mbona hamkumtuma mtu kuniambia?"

"Mjomba, mwanamume wa kutumwa kwetu ndiye huyo huyo kihii."

Alicheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa kofia. Agosti alikuja. Sisi wanawake tuliwekwa mbali. Niliona mgongo wa mjomba tu, umeinama juu ya ndugu yangu.

Leo wajukuu wetu hutahiriwa hospitalini kwa ganzi, na sisikitiki. Lakini kijana akiletwa mbele ya wazee kwa kupiga watu, wenzangu hulaumu simu na bangi, na huenda ni kweli. Mimi hutazama nyuma yake. Mara nyingi pana nyanya yake, peke yake. Hapo Njoroge, anayetembea kwa mkongojo sasa, huinuka bila kuambiwa akaenda kusimama pale.