Mashine Ambazo Injinia Hakutaka Kuzitaja

Hezekiah Muchangi wa Kibugu hajasomea uinjinia, na hilo halijamzuia hata siku moja kuitwa Injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe alipofungua duka lake la betri, taa za sola na chaja za simu pale Manyatta. Watu wa Embu ni waungwana. Mtu akijipachika jina zuri hawamnyang'anyi. Wanamwachia alibebe mwenyewe mpaka limlemee.

Tena alikuwa na jina jingine ambalo hakujipa, nalo lilitosha. Alikuwa mwana wa marehemu mzee Naftaly, mwenyekiti wa kwanza wa kituo cha kununulia majani chai cha Kibugu, mtu aliyesomesha watoto wakati jirani zake wakiona ni heri kununua mbuzi. Mzee Naftaly alitembea polepole, alisema machache, na hakuna aliyewahi kumwona akimfukuza kuku uani. Hilo la kuku si dogo. Katika milima hii ng'ombe ni wa mwanamume, mbuzi ni wake, chai imeandikwa kwa jina lake hata kama hajui kuichuma. Kuku ni wa mke. Mke ndiye humfuga, ndiye humuuza, ndiye humchinjia mgeni, na mume haulizi. Mwanamume anayejishughulisha na kuku husemwa kwamba shughuli za wanaume zimemshinda.

Katika mafundisho yote ya babake, kusoma vitabu, kulipa karo mapema, kutoazima koti la harusi, Muchangi alishika hilo la kuku. Mengine yalimpita.

Ila macho alikuwa nayo. Kila juma wanawake walikuja dukani kwake kutafuta balbu za kutia vifaranga joto, wakilalamika kwamba stima hupotea na vifaranga hufa. Siku moja akaona kwenye simu mashine ya kuangua vifaranga inayotumia betri, stima iwepo isiwepo. Akaelewa mara moja kwamba mtu atakayeleta mashine hizo Embu hatalala njaa tena. Akauza ng'ombe wake wa maziwa, akakomba akiba yote ya duka, akaagiza shehena kutoka China.

Kisha akaingiwa na baridi. Uchaguzi wa kituo cha majani ulikuwa umekaribia, na yeye alikuwa anakitaka kiti cha babake. Wapiga kura ni wenye mashamba, na wenye mashamba karibu wote ni wanaume. Angesimamaje mbele yao kuomba kiti cha Naftaly huku ameagiza mzigo mzima wa mambo ya kuku?

Kwa hivyo akaamua kwamba mashine hizo zingeingia nchini bila jina.

Ajenti wake wa forodha alikuwa Beverlyne Makandi, binti wa Meru mwenye ofisi ya ghorofani mjini Embu na ulimi uliochongwa vizuri. Alifungua tarakilishi yake, akaitazama orodha ya vipande iliyotoka China, akauliza swali ambalo maajenti wote huuliza.

“Mzee, mzigo wenyewe ni nini?”

“Vifaa vya kielektroniki vinavyotumia betri.”

“Hata tochi ni hivyo. Hata mdoli anayelia ni hivyo. Vinafanya kazi gani?”

“Vinadhibiti.”

“Vinadhibiti nini?”

“Joto.”

“Joto la nini?”

“Sikiza, msichana. Nimekuja kutolewa mzigo au kuungama?”

Beverlyne hakukasirika. Kazi yake ilikuwa imemzoeza wanaume wa aina hiyo. Akamweleza taratibu, kama anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza. Forodha ni kama mama mkwe, alisema. Haivutiwi na mavazi ya mtu, inataka kujua anafanya kazi gani. Kila kitu kinachoingia nchini kina kifungu chake, na kifungu hufuata kazi ya kitu. Mashine ikija vipande vipande, lakini vipande vyote vimo ndani ya sanduku lake, bado ni mashine ile ile.

“Na kuna mashine za ukulima na mifugo ambazo hazitozwi ushuru wa forodha hata senti,” akaendelea. “Lakini ukiniambia niandike vipande, betri italipa kama betri, feni italipa kama feni, na hiki kidude cha kupima joto kitatafutiwa kifungu chake na kilipe pia. Sasa niambie, ni mashine ya nini?”

Muchangi alitazama dirishani. Chini, barabarani, mama mmoja alikuwa akipita na jogoo kwapani.

“Andika vipande.”

“Utalipa.”

“Nitalipa.”

“Mzee, tangu nianze kazi hii nimeona watu wakidanganya ili wasilipe. Wewe ndiwe wa kwanza kudanganya ili ulipe.”

Akaandika vipande. Muchangi akashuka ngazi akijipongeza kwa werevu wake.

Shehena ilifika kwenye bandari kavu ya Nairobi siku ya kupima majani. Muchangi hakuwa dukani. Alikuwa kituoni Kibugu, amevaa koti la kijivu, akiwasimulia wanaume waliokuwa wakingoja lori jinsi babake alivyokiongoza kituo kwa heshima. Mugambi, jirani yake mwenye shamba kubwa na mdomo mkubwa zaidi, alikuwa akiitikia kila sentensi kwa sababu alikuwa amenunuliwa soda. Wanawake walikuwa kwenye foleni ya mizani, vikapu vimejaa majani mgongoni. Ruguru, mke wa Muchangi, alikuwa miongoni mwao. Koti la mume lilikuwa limepigwa pasi naye, lakini majani hayajichumi.

Simu ikalia. Kibugu iko karibu na msitu, na mtandao huja na kwenda kama mgeni asiye na adabu. Mahali pa uhakika ni juu ya jukwaa la kupakilia magunia. Muchangi akapanda jukwaani. Tena, simu yake ilikuwa imekufa spika ya sikioni, na yeye mwenye duka la chaja za simu hakuwa amepata nafasi ya kujitengenezea. Ilisema kwa sauti ya juu au haikusema kabisa.

“Mzee Muchangi,” ikasema sauti ya Beverlyne, na kituo kizima kikageuka, “niko hapa bandari kavu na afisa wa forodha. Wamefungua mzigo wako. Tafadhali usikate.”

Sauti nyingine ya mwanamke ikaingia, ya mtu aliyezoea kujibiwa. “Wewe ndiwe mwenye mzigo? Hapa pameandikwa vipande vya kielektroniki. Mimi naona kila sanduku lina betri, feni, kipimajoto, na trei yenye mashimo ya mviringo inayogeuka yenyewe. Hivi vikiunganishwa ni mashine moja. Mashine ya nini?”

“Ya joto, madam.”

“Ina taa na namba zinazowaka. Mwenzangu hapa anasema ni mashine za kamari.”

“Si kamari!” Muchangi akapaza sauti.

“Kumbe ni kamari,” Mugambi akawaambia wale waliokuwa mbali, kwa upole wa mtu anayepeleka salamu.

“Nimesema si kamari!”

“Mzee, za kamari zisizo na leseni huharibiwa,” afisa akasema. “Hazirudishwi. Nataka kumaliza jambo hili kabla sijaenda kula. Hayo mashimo ni ya kuwekea nini?”

“Vitu vya mviringo.”

“Vitu gani?”

“Vya... vya asili.”

“Viazi?”

“La, madam, si viazi.”

“Ndimu?” Mugambi akasaidia kutoka chini.

Hapo Muchangi aliiona hali yake ilivyo. Mkono mmoja ulishika mali yake yote, ambayo ingepondwa kama takataka. Mwingine ulishika kiti cha babake. Na kati ya mikono hiyo miwili kulikuwa na neno moja ambalo mtoto wa chekechea hulitamka bila taabu.

“Mzee, sema tu!” Beverlyne akalia kwenye simu. “Hakuna aliyekufa kwa kusema!”

“Mayai,” Muchangi akanong'ona.

“Mtandao ni mbaya. Nini?”

“Mayai!”

“Ya nini?”

“Ya kuku!” Mwana wa Naftaly akapiga ukelele uliofika msituni na kurudi. “Ni ya kuku! Ni mashine za kuangua vifaranga!”

Kicheko kilichofuata, wale waliokuwapo bado wanakisimulia. Karani wa mizani aliacha mizani. Mzee mmoja alikaa chini juu ya majani yake mwenyewe. Wanawake walicheka kwa adabu, yaani walitazama ardhi huku vikapu vikitikisika mgongoni.

Afisa peke yake hakuona la kuchekesha. “Sasa si ungeandika hivyo tangu mwanzo? Mashine ya kuangua vifaranga ina kifungu chake. Ije nzima au vipande, ni ile ile, na haina ushuru wa forodha. Ajenti wako atarekebisha.” Kisha, kwa wema tu, akaongeza: “Kwani wewe ni mfugaji wa kuku?”

Swali hilo halikuhitaji jibu. Mtu aliyefunzwa vizuri angesema asante, madam, na kushuka. Lakini Muchangi aliona nyuso pale chini na akajibu haraka, kifua mbele:

“Mimi? Mimi na kuku wapi na wapi! Ni za mke wangu! Zote ni za mke wangu!”

“Haya, mpe mama pongezi,” afisa akasema, na mtandao ukaondoka.

Kicheko kikafa. Wanaume wakatazamana upya. “Ai! Kumbe amemwagizia mkewe mashine kutoka China,” Mugambi akasema. “Mzee Naftaly alizaa mtu.” Wakaanza kumpa mkono mmoja mmoja, naye akashuka jukwaani akitabasamu kama mtu aliyevuka mto uliofurika bila kulowesha viatu. Hakumtazama Ruguru. Ruguru aliweka vizuri ukanda wa kikapu kichwani na kusogea mbele, kwa kuwa zamu yake ya mizani ilikuwa imefika.

Mashine zilipoteremshwa Manyatta, Ruguru alikuwa amekwisha kufika, pamoja na Ciakuthii, mwekahazina wa kikundi chao cha wanawake, na boda boda za kutosha. Walikuwa wanafunga masanduku kwa kamba za mpira wakati Muchangi alipotoka dukani.

“Mama Susan, mnapeleka wapi mali ya duka?”

“Mali gani ya duka, Baba Susan? Hizi si za kuku?”

“Ni za kuku, ndiyo, lakini—”

“Na hapa kwetu kuku ni wa nani?”

“Nilisema vile kwa ajili ya watu!”

“Nao watu walisikia,” Ruguru akasema, na kukaza fundo.

Muchangi alimwona Mugambi akitoka kwa kinyozi, akamwita kama anayezama anavyoita mtumbwi. Mugambi alisikiliza pande zote mbili, akajikuna shingo iliyonyolewa vizuri.

“Injinia, tulisikia sote. Hata serikali ilisikia. Unaweza kusema ni zako, hakuna atakayekukataza. Ila basi wewe ndiwe mwenye kuku. Na mimi nitawaambiaje wanaume wampe mwenye kuku kiti cha mzee Naftaly?”

Muchangi alisimama hapo. Dukani mwake rafu zilikuwa tupu, kwa sababu pesa za kuzijaza zilikuwa ndani ya masanduku yale. Nyumbani zizi lilikuwa tupu kwa sababu hiyo hiyo. Mtu mwingine yeyote, fundi wa baiskeli, mchoma mahindi, angecheka, akajikubali, akabaki na mali yake. Lakini mtu wa jina ana mahesabu mengine. Aliyatazama masanduku, akamtazama Mugambi, akalivuta koti lake chini.

“Ni za mke wangu,” akasema.

“Umesikia, Ciakuthii?” Ruguru akauliza.

“Nimesikia.”

“Twende.”

Kiti alikipata, tena bila mpinzani. Ni kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, na hakina mshahara. Mashine za Ruguru zinanguruma kwa sauti ndogo nyuma ya nyumba. Vifaranga wake wanakwenda Runyenjes, na wengine wanavuka mpaka Meru. Betri anazinunua dukani kwa mumewe, na hujadiliana bei vikali kuliko wateja wote. Dukani rafu zimeanza kujaa tena kwa sababu ya mteja huyo mmoja. Mwenye duka anajua, na hasemi.

Siku ya kumwapisha, desturi ilitaka mwenyekiti mpya awalishe wajumbe. Muchangi hakuwa na mbuzi wa kuchinja, wala hakuwa na wa kumkopesha. Saa sita Ruguru akaja na wanawake wenzake, wamebeba sufuria kubwa. Wajumbe walikula kuku, wakasifu mchuzi, wakaongeza. Hakuna aliyeuliza ni kuku wa nani. Jambo hilo lilikwisha kuamuliwa, na serikali ilikuwa shahidi.

Firigisi, kama ilivyo ada, hupewa mwanamume mkubwa. Ruguru mwenyewe aliiweka kwenye sahani ya mumewe, kwa mikono miwili na heshima zote, akasema, “Karibu, Mwenyekiti.”

Aliitafuna muda mrefu sana.