Ritifaa Yenye Mkia

Pale kwenye duka la uchapaji walimwita Bi Kinyaa. Ungempelekea kadi ya harusi yenye alama tano za mshangao, angeishika kwa ncha za vidole viwili kama soksi ya mgonjwa. "Nani katapika hapa?" angeuliza, na mteja yuko palepale kasimama.

Kilichomchefua kuliko vyote ni ritifaa, ile alama ya juu kwenye neno ng'ombe. Watu waliigonga ilivyo kwenye kibodi, kijiti kikavu, wima. Yeye alitaka iliyopinda, yenye kichwa na mkia. Aliipata kwa kushikilia kitufe cha Alt na kugonga 0146, huku kafumba macho kama mtu anayekunwa mgongo.

Mdogo wake, daktari wa meno asiye na mgonjwa hata mmoja, akapanga chumba kichochoroni. Huko ndani bila bango nani angemwona?

"Dada, andika lolote, nimpelekee fundi wa mabango."

"Lolote ndiyo nini? Mimi siandiki takataka."

Akaandika, akapinda ritifaa yake, akatuma.

Asubuhi ya ufunguzi bango likawa juu ya mlango: TUNANGâ€™OA MENO.

Bi Kinyaa, aliyefika kwenye ufunguzi, akachomoa simu. Akampigia fundi, akamporomoshea maneno ambayo hayachapwi popote.

"Mama, mimi nachapa kinacholetwa," fundi akajibu huku anatafuna. "Mashine yangu ya zamani, haijui madoido yako. Ungeweka kile kijiti cha kawaida kingetoka safi."

Kwa hiyo matapishi yalikuwa yake mwenyewe.

Kichochoroni akatokea mwanamume, shavu limevimba kama andazi. Akasoma, akasoma tena.

"Hiyo si alama ya yuro? Mnataka hela za Ulaya?"

"Hapana, baba, ni kosa la..." Bi Kinyaa akaanza.

"Na hiyo a imevaa kofia ya nini? Hapa hapanihusu." Akageuka.

"Dada," mdogo wake akanong'ona, "ndiye wa kwanza, na anaondoka."

Bi Kinyaa akaburuta kiti, akapanda, akakwangua yale madudu matatu kwa kucha. Akatoa rangi ya kucha mkobani, nyekundu, akafumba jicho moja na kupiga mstari: mfupi, mkavu, wima. Mwili ulimsisimka kama aliyekanyaga konokono.

"Haya, soma sasa!"

"Tunang'oa meno," yule bwana akasoma kwa upande mmoja wa mdomo. "Si mngesema hivyo tangu mwanzo?" Akaingia.

"Njoo unishikie taa," daktari akaita. "Msaidizi sina."

"Mimi?"

"Kwani bango kaharibu nani?"

Akashika taa. Yule bwana akapanua mdomo. Bi Kinyaa akachungulia, akaliona jino, ukoga wake wa njano, na mabaki ya chakula cha jana, pengine cha juzi. Akageuzia uso ukutani.

"Fumba mdomo kidogo, baba," alisema. "Ngoja nipumue."