Umbea Unaanzia Nyumba ya Chini

Mjukuu wangu huyu, kabla hamjamwonea huruma, kwanza niwaambie alivyozaliwa. Mama yake alikuwa bado anatafuta ndala ya pili uvunguni ili waende hospitali, mtoto akachoka kusubiri, akatoka. Mkunga alipofika alikuta katoto kamekunja ngumi, kanamtazama kama kanauliza, "Ulikuwa wapi?" Anayebisha akamwulize mama yake, na mama yake akikataa, ni kwa sababu kichwa chake kilikuwa uvunguni, hakuona. Tukamwita Presha. Jina la kwenye cheti wanalijua yeye na walimu wake tu.

Presha hakuanza kwa kutembea, alianza kwa kukimbia. Chai anainywa ikiwa bado inatokota, kwa sababu kuipoza ni kupoteza muda. Akipita karibu na kuku anayeatamia, mayai yanaanguliwa siku hiyo hiyo. Majirani walikuwa wanakuja kumwazima.

Sasa mtu wa namna hiyo, kamaliza shule, matokeo mazuri, anaingia chumba cha mbele na kusema anataka kwenda chuo kikuu kuchukua shahada ya ualimu wa elimu maalumu. Maana yake, nilivyoelezwa, ni kufundisha watoto wasioona, wasiosikia, na wale ambao somo linalowaingia wenzao asubuhi wao linawachukua wiki nzima.

Baba yake alicheka mpaka uzi wa cherehani ukakatika. Huyu baba ni mwanangu, fundi nguo. Chumba cha mbele ndiyo duka lake, na sisi wengine tunaishi nyuma ya pazia.

"Wewe?" akasema, anafuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja. "Wewe uliyemfokea jogoo kwa kuchelewa kuwika?"

"Baba, mimi sitanii."

"Hata mimi sitanii. Mtoto atakuuliza jambo lile lile mara ya tatu, wewe utaruka dirishani. Soma uhasibu kama shangazi yako. Namba hata ukizifokea hazilii."

Shangazi yake ni binti yangu, mhasibu kwenye ofisi ya maji, ana kiti kinachozunguka. Ukimwuliza habari za kazi anakupa habari za kiti.

Lakini Presha hakuiokota kozi hiyo njiani. Shuleni alikaa dawati moja na msichana asiyeona. Mwalimu wa jiografia akisema "tazameni ramani," yule binti wa watu anabaki ameinamisha kichwa. Presha hakuweza kuvumilia. Akaanza kumtengenezea ramani za kitambaa: mto ni uzi mnene, ziwa ni kipande cha satini, mlima ni vifungo vilivyoshonwa kimoja juu ya kingine. Mwanangu alitafuta vifungo vyake vya makoti mwaka mzima, akawashuku panya, akatega mitego. Kumbe vifungo vilikuwa vimeshafaulu mtihani.

Basi. Dirisha la maombi ya chuo lilikuwa linafungwa Ijumaa. Maombi yalikuwa kwenye simu ya baba yake, ile ya kupangusa, ambayo inakaa kwenye droo ya cherehani pamoja na mkasi mkubwa, na hakuna anayeigusa mpaka aseme yeye. Jumatatu ikapita hajasema. Jioni tukawa tunaosha vyombo, na Presha hakuvunja hata kikombe. Nikajua mtoto mgonjwa.

"Una nini, mke mwenzangu?"

"Bibi, na kama baba anasema kweli? Nikifika darasani nikamfokea mtoto wa watu? Mtoto ambaye ameshafokewa na kila mtu?"

Nikaweka sufuria chini.

"Basi jaribu kwanza kwa mtu asiyeumia," nikamwambia. "Nifundishe mimi."

Nikaenda mbele kwa mwanangu. "Fundi, huyu mtoto akinifundisha kupiga simu mwenyewe, bila kushikwa mkono, utamwombea kozi yake?"

Alinitazama juu ya miwani. Anajua namba na mimi hatujawahi kusalimiana. Simu yangu ya vitufe nilikuwa nabonyezewa na watu, na ikilia yenyewe nabonyeza kitufe chekundu kwa kuwa ndicho kinachopendeza, halafu nalalamika kwamba watu wa siku hizi wanapiga na kukata.

"Mama," akasema, "siku ukinipigia wewe mwenyewe, nitabonyeza hiyo kozi kwa kidole changu hiki."

Jumanne somo likaanza, tumekaa kitandani kwangu.

"Bibi, hii ni saba."

"Mbona imeinama? Inaumwa mgongo?"

"Ndivyo ilivyo. Na hii ni nne."

"Hiyo ndiyo saba."

"Bibi, saba ni ile!"

Sikumhurumia. Pale nilipoelewa nilijifanya sijaelewa, na pale nisipoelewa sikuwa na haja ya kujifanya. Haukupita muda akabwaga simu kitandani, akatoka, mlango ukalia paa! Huko mbele nikamsikia mwanangu anapiga mluzi wa ushindi.

Chai yangu haijapoa, Presha huyo amerudi. Sikilizeni hapa. Mtu mpole angebaki ananiimbia saba, saba, saba, mpaka meno yangu yaliyobaki yaage. Huyu hawezi. Njia ikigoma, anaitupa, anakimbilia nyingine.

"Bibi, tuachane na namba. Huu ni mtaa. Nyumba tisa ziko kwenye safu, tatu tatu. Moja iko chini, peke yake."

Masikio yakanisimama. "Peke yake kwa nini?"

"Mwenyewe anakoroma. Walimhamisha."

"Walifanya vizuri."

"Sasa umbea unaanzia kwake, hiyo nyumba ya chini. Hana wa kuongea naye, akipata neno linamwasha ulimi. Anapanda nalo mpaka safu ya kati, nyumba ya mwisho. Pale kati kuna nyumba ina kipele mlangoni, hebu papasa. Umeisikia?"

"Nimeisikia. Hapo anakaa nani?"

"Bibi harusi asiyejua kupika."

"Eeh! Endelea, mwanangu."

Akaendelea, nyumba kwa nyumba, mpaka umbea ukaisha pamoja na namba ya baba yake. "Ukimaliza, unabisha hodi mlango wa kijani. Huu mwekundu ni wa mama mkwe. Usiuguse."

"Hata kuchungulia?"

"Bibi!"

Jumatano nilikuwa najua mtaa mzima, nani kamsema nani. Alhamisi tukafanya majaribio. Nikasimulia, nikabonyeza, nikabisha kijani. Ikapokelewa na fundi rangi aliyekuwa juu ya ngazi, wala sikuwahi kumjua. Tukaongea. Alinieleza ukuta ulivyomshinda, nikamweleza jinsi mimi nilivyopaka rangi minara miwili kwa siku moja, nikiwa na mimba. Aliteremka ngazi ili anisikie vizuri.

Presha akanipokonya simu, akatazama namba. "Bibi, umepita wapi wewe?"

"Kwa mjane."

"Mjane gani? Hakuna mjane!"

"Nimemwongeza. Hadithi ilikuwa imeanza kuwa kavu. Na umbea unapitaje mlango wa mjane usiingie?"

Alitoka. Nikasikia ndoo ya uani inapigwa teke. Akarudi anachechemea.

"Sawa," akasema, na pumzi zake ziko juu. "Maneno ongeza unavyotaka. Nyumba usiongeze. Mjane akae dirishani kwake, umbea umpungie mkono, upite."

Hilo nikaliona ni la haki.

Ijumaa asubuhi shangazi alikuwa duka la mbele anasimulia kiti. Nikamtuma Presha uani, nikavuta pazia, nikakaa peke yangu na mtaa wangu. Mkoromaji nikamwamsha. Bibi harusi akaunguza chungu. Mjane nikampungia, na ilinigharimu, maana alikuwa na mazuri ya kusema. Nikabisha kijani.

Droo ya cherehani ikalia.

"Presha, acha mchezo," mwanangu akasema simuni. "Mrudishie Bibi simu yake."

"Presha yuko uani anatafuna kucha. Huyu ni mimi niliyekuzaa."

Cherehani ikanyamaza. Hata kiti cha shangazi kiliacha kuzunguka ndani ya hadithi yake.

"Mama? Umepiga mwenyewe?"

"Na nani mwingine?"

Pazia likafunguka. Akasimama mbele yangu, tunatazamana, simu bado iko sikioni mwake na mimi yangu sikioni mwangu, na akaendelea kuongea humo humo. "Mama, niambie kweli. Hakukufokea?"

"Alinifokea, na mlango akaubamiza, na ndoo imebonyea. Lakini kila alipotoka alirudi na kitu kipya mkononi. Hakurudi hata mara moja na kile kilichoshindwa."

Alimwita bintiye, naye akaja kwa mbio zake zile zile, na mguu wake wa ndoo.

"Kule kwenye fomu wanauliza tawi," baba akasema. "Wasioona, wasiosikia, au wanaochelewa kuelewa?"

Nilidhani atasema wasioona, kwa ajili ya rafiki yake. Presha alinitazama mimi, akanitazama zaidi ya adabu.

"Wanaochelewa kuelewa. Na wanaojifanya."

Mwanangu akainua kidole, akakishusha. "Mama, kata simu kwanza, nione ukurasa."

"Nikate kwa mlango upi?"

"Mwekundu."

"Kwa mama mkwe? Nimekatazwa."

Baba akafungua mdomo kufoka. Presha akamshika mkono, akapiga goti mbele yangu, taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akifanya jambo lolote.

"Bibi," akasema, "leo mama mkwe amesafiri. Bisha tu."

Nikabisha. Na fundi akabonyeza.