Miche Chini ya Nailoni

Juzi hapa mtaani kwetu Nkuhungu nilimwona jirani akifunua nailoni ya kitalu chake kabla jua halijawa kali, nikamkumbuka Mama. Alipopunguzwa kazini, nikiwa bado mtoto mdogo, tegemeo letu lilikuwa miche yake ya nyanya. Siku moja asubuhi alikwenda sokoni, upepo wa baridi ukanitetemesha, nikaihurumia miche. Nikaifunika nailoni na kubana kingo zote kwa mawe. Alasiri, baada ya jua kali la mchana, Mama alipofunua, ulitoka mvuke unaonuka kama mchicha uliochemshwa. Miche yote ilikuwa imelala.

"Ilikuwa inasikia baridi, Mama. Sasa imesinzia," nilimweleza kwa fahari.

Alichuchumaa, akaitazama.

"Haya, mwanangu," alinong'ona.

Nami nikanong'ona hadi jioni, tusije tukaiamsha. Ilinibidi nifike chuo kikuu, na nipate watoto wangu wawili, ndipo nielewe kwamba siku ile Mama hakuwa na nguvu ya kupaza sauti.